Kiti cha safari

Kiti cha safari ni kiti chepesi kinachotengenezwa ili mtu aweze kukibeba njiani, akikalie anapopumzika au anapopiga kambi, kisha aondoke nacho. Kinaweza kuwa kigoda kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, kiti cha kukunja cha mbao na turubai, kiti cha mabomba ya alumini kinachoingia ndani ya mkoba, au kipande cha sponji cha kutandika juu ya jiwe. Tofauti yake na kiti cha nyumbani ni kwamba ubora wake haupimwi kwa kukalia peke yake. Hupimwa pia kwa kubeba. Hukaliwa saa moja au mbili jioni, lakini hubebwa mchana kutwa, na mara nyingi anayekibeba si yule anayekikalia.

Katika Afrika ya Mashariki viti vya aina hii vina historia ndefu. Wanyamwezi na Wasukuma, ambao nchi yao inaenea kutoka Tabora hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, wamekuwa wachongaji wa vigoda, na Wanyamwezi hasa walikuwa wapagazi mashuhuri wa karne ya 19. Kwa hiyo walilijua jambo hili kwa pande zote mbili, upande wa makalio na upande wa bega. Tinde, mji mdogo wa Mkoa wa Shinyanga ambapo barabara ya kutoka Nzega hugawanyika, tawi moja likielekea Shinyanga na Mwanza na jingine Isaka na Kahama, uko ndani ya nchi hiyo.

Majina

Kiti kidogo kisicho na mgongo huitwa kigoda kwa Kiswahili. Kwa Kisukuma kiti cha kuchongwa ni isumbi. Wepesi wa kitu hiki haukukifanya kiwe duni. Mtemi alikuwa na kiti chake maalumu, na kukikalia kulikuwa sehemu ya kutambuliwa kwake kuwa mtawala. Katika Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa karibu na Mwanza, ambayo chanzo chake ni kazi ya padre David Clement, kuna jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Maana hiyo ya heshima imebaki hata katika lugha ya wasomi: mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, na mtu wa kwanza kukikalia alikuwa Profesa Issa Shivji. Hapo, bila shaka, hakuna mti wala miguu mitatu. Neno tu ndilo lililosafiri.

Kigoda cha kuchongwa

Mchongaji huanza na gogo moja na tezo. Kigoda hakiunganishwi kwa misumari wala gundi, kwa hiyo hakuna kiungo cha kulegea. Mtu anaweza kukitupa juu ya mkokoteni, kikanyeshewa, kikaanikwa juani, na bado kikatumika. Hasara yake ni uzito, na uzito huo hutegemea mti. Kigoda ambacho mbao yake ina ujazo wa lita 3 kitakuwa na takriban kilo 2 kikichongwa kwa mninga mkavu. Kikichongwa kwa mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, kitazidi kilo 3.5. Ndiyo sababu mpingo unafaa kwa kinyago kinachokaa mahali pamoja kuliko kwa kiti kinachotembea.

Vigoda vingi vya eneo hili vina miguu mitatu, na hilo si pambo. Ncha tatu daima hugusa ardhi zote kwa pamoja, hata ardhi ikiwa na mabonde, kwa kuwa nukta tatu hulala kwenye bapa moja. Mguu wa nne ndio unaoleta mtikisiko: ukiwa mrefu au mfupi kwa nusu sentimita, kiti huyumba. Wanafunzi wa jiometri wanaweza kulithibitisha jambo hili kwa kuweka stuli ya maabara yenye miguu minne kwenye uwanja wa shule.

Lakini miguu mitatu ina gharama yake. Mtu hubaki salama maadamu uzito wake unaangukia ndani ya umbo linalochorwa na ncha za miguu. Ikiwa kila mguu uko sentimita 20 kutoka katikati, kwa kiti cha miguu minne ukingo wa karibu zaidi wa umbo hilo uko kama sentimita 14 kutoka katikati. Kwa miguu mitatu ni sentimita 10 tu. Kwa hiyo kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, ila hupinduka upesi mkaaji akijiinamisha upande usio na mguu. Wachongaji hupunguza hatari hiyo kwa kukifanya kiwe kifupi na kuitanua miguu kuelekea nje. Wakamba wa Kenya, ambao vigoda vyao vya miguu mitatu hupambwa kwa nyaya, hufuata kanuni hiyohiyo.

Mfano uliofika mbali zaidi katika kupunguza uzito uko kaskazini mwa Kenya. Mwanamume wa Kiturkana hutembea na kigoda kidogo kiitwacho ekicholong, chenye ukanda wa ngozi wa kukishikia. Mchana hukikalia, usiku hukiweka chini ya shingo kiwe mto, jambo ambalo zamani lililinda nywele zilizotengenezwa kwa udongo zisiharibike. Wakaramojong wa Uganda wana kitu kama hicho. Msafiri anayebeba kitu kimoja chenye kazi mbili amepunguza mzigo bila kupunguza faraja, na watengenezaji wa vifaa vya kambi wa siku hizi hawajaiboresha sana fikra hiyo: bado wanajaribu kuuza godoro linalogeuka kiti.

Kukunja

Njia ya pili ni kukifanya kiti kipungue ukubwa kinapobebwa. Umbo la zamani kabisa ni lile la herufi X: fremu mbili zinazopishana kwenye ekseli moja, na ngozi au kitambaa kilichotandazwa juu. Wamisri wa kale walikuwa navyo, na viti vya namna hiyo vilikutwa katika kaburi la Tutankhamun lililogunduliwa mwaka 1922, vikiwa na umri wa zaidi ya miaka 3,200. Uzito wa mkaaji huisukuma miguu itanuke, na kitambaa huizuia. Kadiri mtu anavyokuwa mzito ndivyo kitambaa kinavyokazwa zaidi. Kwa sababu hiyo kiti cha X huvunjika mara chache kwenye mbao. Huchanika kwenye mshono.

Msomaji wa pwani analijua umbo hilo bila kwenda Misri. Mbuzi ya kukunia nazi hukunjwa kwa namna hiyo, na marufaa ya kuwekea msahafu hupasuliwa kutoka ubao mmoja, bawaba zake zikichongwa humohumo ndani ya ubao. Katika maeneo ya Ziwa Nyasa kuna kiti cha mbao mbili ambapo ubao wa kukalia hupenya kwenye tundu la ubao wa mgongo. Kikichomolewa hubaki mbao mbili bapa. Mkaaji huegemea nyuma akiwa chini sana, na hakuna msumari hata mmoja. Ni kizito mno kwa mtu wa miguu, lakini kwa mtumbwi au basi kinafaa.

Mwishoni mwa karne ya 19 jeshi la Kiingereza nchini India lilianza kutumia kiti kilichopewa jina la mji wa Roorkee, makao ya wahandisi wa kijeshi. Kiti cha Roorkhee kina miguu minne ya mviringo na vijiti vinavyochomekwa kwenye matundu bila gundi, kisha turubai na mikanda huvikaza. Kwa kuwa viungo vyake vimelegea kidogo kwa makusudi, kila mguu hujitafutia ardhi yake. Hapo ndipo ufundi wake ulipo: kimepata uthabiti wa miguu minne bila mtikisiko wake. Kilitumika katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, na kikafika Afrika ya Mashariki pamoja na maofisa na wawindaji. Inaelezwa kwamba mbunifu wa Denmark, Kaare Klint, alikiona katika picha za safari za Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga filamu za wanyama Kenya na Tanganyika. Mwaka 1933 alitoa muundo wake mwenyewe ambao hadi leo unauzwa Ulaya kwa jina la neno la Kiswahili: safari. Wanaokinunua hukiweka sebuleni.

Misafara ya wapagazi

Neno safari lilikuwa na maana nzito zaidi kwa waliobeba. Mwezi Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kupitia nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa ambalo alilipa jina la malkia wake. Safari kama hiyo ilitegemea vichwa na mabega. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, na frasila moja ni karibu kilo 16. Juu ya hizo kilo 32 aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka wa kulalia, chungu, posho na silaha.

Katika hesabu hiyo hapakuwa na nafasi ya kiti chake. Akipumzika alikalia mzigo, jiwe, au ardhi. Kiti kilichokuwamo katika msafara kilikuwa cha mkuu wa msafara, pamoja na meza yake, kitanda chake na hema lake. Kwa wageni wa Ulaya kiti cha kukunja kilikuwa zaidi ya faraja. Mkuu aliyekaa juu wakati wengine wamekaa chini alikuwa tayari ameonyesha nani anasikiliza na nani anaamua, jambo ambalo watemi walilielewa bila kufundishwa, kwa kuwa nao walitumia isumbi kwa kusudi lilelile. Kiti kizito kuliko vyote kilikuwa machila, ambamo mtu mwenyewe alikuwa sehemu ya mzigo.

Desturi hiyo haikuisha na misafara. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliandikisha wapagazi wengi mno kwa ajili ya jeshi lao, na jina la kikosi hicho, likitamkwa kwa Kiswahili, limebaki kuwa Kariakoo ya Dar es Salaam na mtaa wa jina linalofanana nalo Nairobi. Barabara na reli vilipoenea, kubeba kwa kichwa kwa umbali mrefu kulipungua. Kiti cha safari kikapanda gari, na uzito wake ukaacha kuhesabiwa kwa muda.

Viti vya alumini

Uzito ulirudi kuhesabiwa pale watu walipoanza kutembea kwa miguu kwa kupenda, wakibeba mkoba wenye chakula, hema na nguo. Mtembeaji mwenye mkoba wa kilo 10 anayeongeza kiti cha nusu kilo ameongeza asilimia 5 ya mzigo wake. Akiongeza kiti cha kilo 3, asilimia 30.

Badiliko kubwa lililetwa na bomba la alumini. Mita moja ya bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 20 na unene wa ukuta wa milimita 1.2 ina takriban gramu 550. Bomba la alumini la vipimo hivyohivyo lina takriban gramu 190. Nondo ya chuma ya milimita 12, ambayo mafundi wetu huipenda kwa sababu haikosekani dukani, ina karibu gramu 890 kwa mita, ilhali haivumilii kupindwa kama bomba la kipenyo kikubwa lenye uzito pungufu. Sababu ni kwamba katika kupinda, sehemu ya nje ya fito ndiyo inayofanya kazi. Katikati ya nondo kuna chuma kinachobebwa bure. Mifupa ya ndege na mashina ya mianzi vina uwazi ndani kwa faida hiyohiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Helinox, iliyotokana na watengenezaji wa nguzo za mahema wa Korea Kusini, iliingiza sokoni kiti kilichoitwa Chair One, chenye uzito wa karibu kilo 1. Kiko hivi: vipande vifupi vya alumini vimeunganishwa kwa kamba ya mpira inayopita ndani yake, kama nguzo za hema. Mtu akivitikisa, vipande hujipanga vyenyewe kwenye vitovu viwili vya plastiki ngumu, na fremu yenye miguu minne husimama. Kisha pembe nne za kitambaa huvalishwa kwenye ncha za juu. Mkaaji hakalii fremu. Ananing'inia ndani ya kitambaa, kama katika kitanda cha bembea. Uzito wake husambaa kwenye mapaja na mgongo badala ya kukusanyika kwenye mifupa miwili ya makalio, ambayo ndiyo humchosha mtu anayekaa kwenye ubao. Kikikunjwa huwa kifurushi cha urefu wa kama sentimita 35. Aina nyepesi zaidi iliyofuata, Chair Zero, ina takriban gramu 500. Kampuni nyingi zimeiga, na viti vya kuigwa ni vizito kidogo na vya bei nafuu zaidi.

Faraja hiyo ina masharti. Kwanza, viti hivi ni vifupi: sehemu ya kukalia huwa kama sentimita 25 hadi 30 kutoka chini, wakati kiti cha mezani ni karibu sentimita 45. Kijana huinuka bila kufikiri. Mtu wa makamo mwenye magoti mabovu hulazimika kujisukuma kwa mikono, na fremu haina mahali pa kushika. Zipo aina ndefu zaidi, lakini kila sentimita ya mguu ni uzito zaidi, na kiti kirefu hupinduka upesi zaidi.

Pili ni ncha za miguu. Tuchukue mtu wa kilo 70 juu ya miguu minne yenye kipenyo cha sentimita 2. Eneo lote linalogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 12.6, kwa hiyo kila sentimita ya mraba inabeba zaidi ya kilo 5. Mtu huyo akisimama pekupeku, nyayo zake zenye jumla ya kama sentimita za mraba 300 hukandamiza ardhi kwa robo kilo tu kwa kila sentimita. Kiti kinaisukuma ardhi zaidi ya mara 20. Kwenye mchanga ambao Wasukuma huuita luseni, mguu mmoja huzama na kiti huegemea. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika huzama wote, na kuung'oa ni kazi. Dawa ni kuongeza eneo: kibao chini ya kila mguu, vifuniko vipana vya mpira, au kitambaa kimoja kinachofungwa kwenye miguu yote minne. Kigoda cha mti chenye miguu minene hakina shida hiyo kwa kiwango hicho.

Tatu, naironi na poliesta huogopa cheche za moto, na jua kali huzidhoofisha taratibu. Kiti kinachoachwa nje kila siku katika jua la Shinyanga huweza kuonekana kizima, kisha kikachanika ghafla mtu akiwa juu yake.

Viti visivyo na miguu

Watembeaji wanaohesabu kila gramu huacha miguu kabisa. Kipande cha sponji ngumu, ile ambayo vishimo vyake vimefungwa na hainyonyi maji, kinaweza kuwa na uzito wa gramu 60 tu. Hakimwinui mtu juu, lakini humkinga na baridi, unyevu na ncha za mawe. Juu ya mlima kinga hiyo ni ya maana kuliko urefu, kwa sababu jiwe baridi hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa. Kipande cha mkeka wa sponji uliokatika hufanya kazi hiyo vilevile. Mwaka 1987 huko Marekani ulianza kuuzwa muundo wa Crazy Creek: mito miwili bapa iliyounganishwa kwa mikanda ya pembeni, ambapo uzito wa mkaaji mwenyewe huusimamisha mgongo. Akiegemea, mkanda unavutwa na makalio yake. Akiinuka, kiti kinalala.

Mkeka wa ukindu na ngozi ya ng'ombe ni wa jamii hii pia, ingawa maduka ya vifaa vya kambi hayauzi.

Mlima Kilimanjaro

Mahali ambapo uzito wa kiti bado unahesabiwa kwenye shingo ya mtu mwingine ni Kilimanjaro. Mlima huo wa mita 5,895 hupandwa kwa siku tano hadi tisa, na wageni wengi hubebewa mizigo na wapagazi. Kwenye njia ya Marangu wageni hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, ambavyo vina meza na mabenchi, kwa hiyo kiti hakihitajiki. Kwenye njia nyingine, kama Machame, watu hulala katika mahema. Huko msafara hubeba hema la kulia chakula pamoja na meza na viti.

Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 za mizigo ya msafara kwa kila mpagazi, mbali na vitu vyake binafsi, na mizigo hupimwa kwenye mizani langoni. Kiti cha kambi cha fremu ya chuma chenye mgongo na mikono kina kama kilo 3. Wageni wanane ni viti vinane, yaani kilo 24: zaidi ya mzigo kamili wa mtu mmoja, kabla ya meza. Vikiwa vya alumini na kitambaa vya karibu kilo 1, jumla ni kilo 8. Stuli za kukunja zisizo na mgongo zipo katikati ya vipimo hivyo.

Tofauti hiyo ina mjadala. Wapo wanaosema viti vizito huongeza ajira, kwa kuwa mzigo ukizidi huitwa mpagazi mwingine. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kila mara angeitwa. Malalamiko ya wapagazi, ambayo shirika la kuwasaidia lijulikanalo kwa kifupi kama KPAP limekuwa likiyasema kwa miaka mingi, ni kwamba mizigo inaweza kugawanywa upya baada ya kupita mizani, na aliyepimwa na kilo 20 akapanda na zaidi. Viti ni mzigo mwepesi kuongezwa kwa namna hiyo, kwa kuwa hufungwa juu ya furushi kwa kamba na havionekani kuwa vizito. Tena umbo lake ni baya kwa mbebaji: miguu hutokeza, hushikwa na matawi msituni na hupepesuliwa na upepo kwenye mwamba wa Barranco, ambako watu hupanda kwa mikono na miguu. Kilo 3 zilizokunjana kama fimbo na kilo 3 zilizotawanyika si mzigo mmoja, hata kama mizani inasema hivyo.

Mgeni anayetaka kiti chenye mgongo anaweza kuuliza kabla ya safari ni cha aina gani na kimehesabiwa katika mzigo wa nani. Wengine huja na kiti chao cha nusu kilo ndani ya mkoba wao wa mgongoni.

Usukuma na ukanda wa dhahabu

Kati ya Shinyanga, Kahama na Geita kuna watu wengi wanaohamahama kwa kazi bila kujiita watembeaji wa mapumziko. Wachimbaji wadogo husikia habari za rashi, yaani dhahabu iliyogunduliwa mahali fulani, na huondoka kwa bodaboda au kwa miguu na kile kinachobebeka. Kiti chao ni ndoo ya lita 20. Njiani ndoo hubeba nguo na sufuria. Kambini hubeba maji na udongo. Jioni hugeuzwa na kukaliwa. Ni falsafa ya ekicholong katika plastiki. Ubaya wake ni ukingo mgumu na joto, na wengi huweka juu yake kiroba kilichokunjwa. Wanaoponda mawe kwa nyundo hukaa muda mrefu zaidi, na kwao kimo cha kiti ni suala la afya: anayekaa chini kabisa hulazimika kuukunja mgongo kila anapopiga. Kigoda cha sentimita 20 hadi 25, chenye jiwe la kupondea lililoinuliwa kidogo, hupunguza mkunjo huo.

Kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kinachopatikana katika kila kibanda cha chai, kimechukua nafasi ya kigoda majumbani. Kina uzito wa kilo 2 na zaidi na hupachikwa kimoja juu ya kingine, lakini hakikunjiki, na mguu wake ukipasuka haushoneki. Upungufu wa miti nao una sehemu yake. Misitu mingi ya Shinyanga ilikatwa katika karne ya 20 ili kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, na gogo zuri la kuchonga likawa adimu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua ngitili, maeneo ambayo Wasukuma huyafunga ili nyasi na miti viote, lakini mti wa kuchonga huchukua miaka mingi kuliko mti wa kuni.

Anayetaka kiti cha safari bila kuagiza kutoka mbali anaweza kutengenezewa na fundi wa kuchomelea na fundi cherehani. Stuli ya X inahitaji kama mita 4 za bomba. Kwa bomba la chuma la milimita 20 lililotajwa hapo juu fremu itakuwa na kilo 2.2, kwa nondo ya milimita 12 itazidi kilo 3.5, kwa hiyo ni vizuri kusisitiza bomba hata kama fundi anaona nondo ni imara zaidi. Ekseli iwe boliti yenye nati mbili zinazokazana, kwa kuwa nati moja hulegea. Kitambaa kiwe turubai la lori, likunjwe mara mbili pembeni na kushonwa mistari mitatu kwa uzi wa naironi, na nyuzi za turubai zielekee upande mmoja na mvuto, si kwa mshazari. Kabla ya kusafiri nacho kijaribiwe na mtu mzito kuliko mwenye kiti, kwenye majani, si kwenye sakafu.